Takwimu za ukatili: tuambieni na namna zilivyokusanywa

Mhariri,

Magazeti yetu huchapa asilimia za ukatili wa majumbani bila kueleza waliohojiwa waliulizwaje. Kwetu sisi wa ustawi wa jamii hiyo ni habari nusu.

Chukua dodoso. Ukimuuliza mwanamke, "Umewahi kufanyiwa ukatili na mumeo?" huenda akajibu hapana, maana kofi halihesabu kuwa ukatili. Taja tendo lenyewe: amewahi kukuzaba kibao? Kukusukuma? Kukukaba? Majibu yanabadilika hapo hapo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005, ambao kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya, uliuliza tendo kwa tendo, tena mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, ili wengine nyumbani wasijue kilichoulizwa. Mwishoni alipewa kadi yenye sura mbili, moja inalia na moja inatabasamu, atie alama kuonyesha kama aliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 15, bila anayemhoji kuiona. Kote kuwili, kadi ilifichua wengi kuliko mdomo.

Lakini dodoso halikwambii kwa nini mke haondoki. Hapo yanatakiwa mahojiano ya kina: mara nyingi watu 15 hadi 20, mpaka majibu yaanze kujirudia. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa hula saa nne au zaidi kuandikwa neno kwa neno, na hapo ndipo wengi hukwama, wakaandika muhtasari na kuyapoteza maneno ya mhojiwa. Kisha ripoti inasema "asilimia 60 ya wahojiwa", kumbe ni watu 9 kati ya 15!

Majadiliano ya kikundi cha watu 6 hadi 10 yanafaa kujua mtaa unasemaje kuhusu mke kupigwa. Si mahali pa kumuuliza mtu yaliyompata yeye, kwani jirani yake amekaa pembeni anasikiliza.

Kosa linalotuudhi zaidi ni la fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya kaya za kuhojiwa. Mtaa una kaya 1,000, kiwango cha makosa 0.05, jibu ni kaya 286. Sawa. Ila fomula hiyo inadai kila kaya ipate nafasi sawa ya kuchaguliwa, yaani uwe na orodha kamili na uzichague kwa bahati nasibu. Mtafiti badala yake anaongozwa na mjumbe nyumba hadi nyumba, mjumbe anaruka anakodaiwa, na dodoso likianza anavuta kiti akae. Mama anamtazama mjumbe, anajibu, "Tunaishi vizuri tu." Hata zikifika kaya 600, jibu litabaki hilo hilo.

Kwa hiyo tunaomba kila mnapochapa asilimia mwongeze mistari mitatu: wahojiwa walipatikanaje, swali lilisomekaje, na nani mwingine alikuwepo likiulizwa.

Wadau wa ustawi wa jamii,
Dodoma