Kansa kwa kutema mate? Kipimo kipo au hakipo

Wiki hii wateja watatu wametutumia video ileile WhatsApp, jamaa anatema mate kwenye kichupa halafu anaambiwa kama ana kansa au hana, na swali lao ni moja tu, na nyie hapo kliniki ya meno mnacho? Hatuna. Ila sio uongo mtupu, ngoja tueleze.

Mtu mzima anatoa mate kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, karibu yote maji, lakini hicho kidogo kinachobaki kina protini, vipande vya jeni, bakteria na seli zilizobanduka mdomoni, tena tezi za mate zina mishipa midogo ya damu kibao kwa hiyo vitu vya kwenye damu navyo vinapenya humo. Kansa ya mdomo ndo kabisa, iko palepale mate yanapopita. Mwaka 2004 timu ya mtafiti David Wong pale chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walilinganisha mate ya wagonjwa 32 wa kansa ya mdomo na ya watu 32 wasioumwa, wakapata alama saba za RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi) zilizopanda kwa wagonjwa, na zikiunganishwa zilipatia kwa asilimia 91. Si mchezo.

Sasa mbona hatukupimi? Mate ni msumbufu jamani. Alama mojawapo kati ya zile saba, IL-8, inapanda mwili ukivimba kwa sababu yoyote ile, hata isiyo kansa, mtu fizi zinamtoka damu tu anaweza akakivuruga kipimo. Halafu RNA inaharibika haraka, kichupa kinatakiwa kiingie kwenye barafu hapohapo, na mtoaji asiwe amekula wala kuvuta sigara muda mfupi kabla, sasa nenda kamwambie hivyo mtu aliyepita kwa mama ntilie njiani akija huku.

Mtu atasema mbona HIV mnapangusa fizi tu? Ile tunatafuta antibodi, yaani kinga ambayo mwili unatengeneza dhidi ya virusi, kitu kimoja kinachojulikana, na hata hivyo ikisoma mistari miwili, yaani inaonyesha una virusi, lazima urudie kwa damu.

Kwa hiyo akija mtu anakuuzia kifaa cha mate eti kinapima kansa zote, shika hela yako.

Tunachofanya sisi ni cha kizamani ila kinasaidia: ukija kusafisha meno tunakuangalia mdomo mzima bila kuongeza hela, tunavuta ulimi kwa kitambaa tuone pembeni na chini yake, tunapapasa na shingo. Kidonda kimezidi wiki mbili hakijapona, doa jeupe au jekundu lisilofutika, hasa kama unatumia ugoro, sigara au pombe, usisubiri mpaka kianze kuuma, mwanzoni mara nyingi hakiumi. Tukitilia shaka tunakuandikia rufaa wakakate kinyama kikapimwe, maana jibu la uhakika bado linatoka huko.

Wenye meno ya bandia mtayatoa, tunajua hampendi, ila chini yake ndo tunapotaka kuangalia.