Rukia, usiishie Barcelona

Shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, watoto wazima, wasiwasi ni juu yako. Mwanaidi kaniambia tiketi umeshakata na siku zote unataka kuzimalizia Barcelona. Na mimi nipo Valencia! Tenga japo siku mbili nikupeleke Teruel.

Utauliza ndiko wapi. Mkoa mkubwa wa huku Hispania, lakini watu wake hawafiki laki moja na nusu; vijana wamehama, na kutoka Madrid mpaka leo hakuna treni ya moja kwa moja. Mwaka 1999 wenyeji walichoka kusahauliwa, wakaanzisha vuguvugu la "Teruel Existe", yaani Teruel ipo. Uchaguzi wa 2019 wakapata mbunge wao. Hebu fikiria, kuandamana ili watu wajue upo!

Mjini kuna minara. Ni ya makanisa, ila ukiitazama utaapa ni ya misikiti: nakshi za matofali, vigae vya kijani na vyeupe. Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo ndio walioacha ufundi huo, na UNESCO wameuorodhesha tangu 1986. Ule wa San Martín una tao, njia inapita chini yake. Na dari la mbao la kanisa kuu limechorwa hadi maseremala wakiwa kazini. Baba yako angelala chali kutwa akilitazama.

Ila hasa nataka uone kaburi la Diego na Isabel. Hadithi ya karne ya 13: kijana hana kitu, baba wa binti akampa miaka mitano akatafute mali. (Usinitajie mjomba wako na mahari yake.) Karudi, muda umepita, Isabel keshaolewa. Akaomba busu, akanyimwa, akafa. Mazishini Isabel akaibusu maiti, naye akafa palepale. Sanamu zao zimelala ubavu kwa ubavu, mikono imenyooshwa, haigusani. Alikuwa mke wa mtu. Wahispania hutania: bibi mpumbavu, bwana mpumbavu. Nami nilikuja na kicheko changu tayari, lakini ile mikono, Rukia... nikamkumbuka, ah, tutaongea ukija.

Mapaja ya nguruwe yananing'inia kila duka, usishtuke. Mkate na mafuta ya zeituni vitatutosha. Sweta ubebe, mji uko juu mita 900 na ushei.

Sasa unatua lini? Viza imetoka? Ubuyu utaniletea, au nimwombe Mwanaidi? Na Hamisi, ni kweli kaoa?

Wako,
Zuhura