Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filamu Tulizotazama na Tunazozitaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha filamu,

Assalaam alaykum, na salamu kwa nyote mliofika, wa kisiwani Mombasa na mliovuka kutoka Likoni, Nyali na Mtwapa. Mambo ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina ambayo mmekwisha gawiwa. Kwa ufupi, projekta sasa ni mali yetu, ukumbi bado tunaukodi. Muda wangu nitautumia kuzungumzia filamu zenyewe, maana ndizo zilizotukutanisha.

Mkutano uliopita uliamua tuziweke kando filamu mpya za kutisha, tutazame za zamani: zile zinazotajwa kila mahali, na zile zilizopuuzwa zilipotoka kisha wapenzi wake wakazibeba wenyewe hadi leo. Vijana wengi walinong'ona kwamba filamu isiyo na rangi haimtishi mtu. Ukumbi ulijaa mwaka mzima, na vijana haohao ndio waliowahi viti vya mbele. Mimi naona sababu yake ni hii: sisi watu wa pwani tumelelewa na habari za majini na mumiani, zinazosimuliwa usiku taratibu, msimulizi akikuficha kile hasa unachotamani kukiona. Filamu hizi zinatisha kwa njia hiyohiyo. Nyingi za siku hizi zinakuonyesha kila kitu katika dakika kumi za mwanzo, halafu hazina tena la kukupa.

Tulifungua na Nosferatu ya F. W. Murnau, filamu ya Ujerumani iliyotoka mwaka 1922. Mjane wa Bram Stoker, mtunzi wa hadithi ya Dracula, mfu anayenyonya damu, alikwenda mahakamani kwa kuwa hadithi hiyo ilichukuliwa bila ruhusa, na ikaamriwa nakala zote ziteketezwe. Baadhi zilisalimika, ndiyo maana tunayo. Ni filamu bubu, kwa hiyo wanachama wawili walipiga udi na fidla, na mwingine akawa anasoma maandishi kwa Kiswahili. Naomba kila ambaye hakuwepo aitafute, hata kama ni kwa ajili ya sehemu moja tu: merikebu inaingia bandarini yenyewe, matanga yametanda, na hakuna roho hai ndani yake. Nahodha alijifunga kwenye usukani. Wakubwa wa bandari wanafungua daftari la safari, wanasoma habari ya tauni, na muda si muda mpiga ngoma anapita mitaani kuwatangazia watu wajifungie majumbani. Panya wameshashuka. Nusu ya waliokuwa ukumbini baba zao walifanya kazi bandari ya Kilindini, na wakati ule hata benchi halikulia.

Night of the Living Dead ya George A. Romero, ya 1968, ndiyo iliyozusha mjadala mrefu kuliko zote. Waliitengeneza watu wa matangazo ya biashara wa Pittsburgh kwa dola 114,000 hivi, na damu yake ni sharubati ya chokoleti. Wafu wanainuka na kula walio hai. Watu wachache wamejifungia katika nyumba ya shamba, nao wanagombana juu ya mlango gani upigwe misumari na kama wakae juu au chini ya ardhi. Hofu yangu haikuwa kwa wale wafu walioko nje. Ilikuwa kwa wale waliomo ndani, wanaoshindwa kusikizana wakati kifo kinagonga dirisha. Kiongozi wao ni Duane Jones, Mmarekani mweusi kati ya wazungu, na hadithi haisemi neno hata moja kuhusu rangi yake. Filamu ilitoka mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Mwisho wake sitausema, kwa ajili ya wanachama wapya, ila walioutazama wanajua kwa nini watu walibaki kwenye ngazi za ukumbi mpaka askari wa mlango akatuomba twende zetu.

Filamu hiyo hatukumlipa mtu kuionyesha. Jina lake lilipobadilishwa kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki lilisahauliwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo kazi isiyo na tangazo ilikosa ulinzi. Romero na wenzake walipoteza mali nyingi kwa kosa la msambazaji, nami naliona ni jambo la kusikitisha, hata ingawa chama chetu kimefaidika.

Wazee waliokuwa wakienda sinema za Regal na Naaz ndio walioomba Mahal, ya Bombay, 1949. Kamal Amrohi aliongoza filamu kwa mara ya kwanza, na mpiga picha alikuwa Josef Wirsching, Mjerumani, hivyo vivuli vile mnavyoviona ukutani vina nasaba na vya Murnau. Jumba kubwa, mwanamume aliyeikuta sura yake kwenye picha ya marehemu, na sauti ya mwanamke inayoimba kutoka mbali bila yeye kuonekana. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar, wakati huo bado hajajulikana. Kwenye santuri za mwanzo hata jina lake halikuandikwa, liliandikwa la mhusika, Kamini. Kina mama wetu walikuwa wakiufuatisha wimbo kwa sauti ya chini, na bado walishtuka taa ilipozimika.

Lakini nikiulizwa ni usiku gani wa mwaka huu nisingekubali kuukosa, nitasema Kwaidan ya Masaki Kobayashi, Japani, 1964. Ina hadithi nne na inakwenda saa tatu. Kwa kuwa wenzetu wa Likoni hawapendi kukuta foleni ya feri usiku wa manane, tuliigawa mara mbili baada ya Isha. Hadithi ya tatu ni ya Hoichi, kipofu anayeishi hekaluni na anayeghani kwa kinanda cha nyuzi habari za vita vya baharini vya Dan-no-ura, vya mwaka 1185, ambapo ukoo wa Heike ulimalizwa pamoja na mfalme wao mtoto. Kila usiku anakuja askari mwenye deraya kumchukua akaghani mbele ya bwana mkubwa. Wenziwe wanapomfuata wanamkuta ameketi makaburini, peke yake, mvua inamnyeshea. Makuhani wanamwandika maneno matakatifu mwili mzima ili mzimu usimwone. Wanasahau masikio.

Kwa watu wanaozijua hirizi na kombe, yale maandishi matakatifu yanayooshwa na kunywewa, na waliokwisha kusikia utenzi wa vita ukighaniwa, hapakuhitajika mfasiri. Na mbingu za filamu ile zimechorwa kwa mkono, zenye macho makubwa yanayotazama chini. Nimetazama filamu nyingi za mizimu, sijaona nyingine inayowapa wafu heshima kama hii: wanachotaka ni kusikia tu habari yao ikisimuliwa vizuri.

Psycho na Halloween nazipita haraka, mnazijua. Carnival of Souls ya Herk Harvey, 1962, wengine waliiona nzito, nami nashauri mwirudie mkiwa peke yenu, maana kinanda chake cha kanisani hakisikiki sawasawa penye watu wengi. The Thing ya John Carpenter ilitukanwa na wahakiki ilipotoka mwaka 1982, na leo ukumbi mzima uliipigia makofi. Kuhusu The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, kamati iligawanyika. Msimamo wangu ni kwamba tuionyeshe, kwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi na si mmoja chini ya hapo. Damu inayoonekana ni kidogo sana kuliko sifa yake; kinachokuumiza ni sauti na jua kali.

Jambo la simu limenichosha. Mwanga wa simu moja unaua kazi ya dakika ishirini ya mwongozaji. Kuanzia mwaka huu zitawekwa kwenye kapu mlangoni.

Kwa mwaka ujao, baada ya Ramadhani, kamati inapendekeza Onibaba, Suspiria, The Wicker Man na Ringu, pamoja na Atlantique ya Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal. Ni ya 2019, si ya zamani, lakini inahusu vijana waliozama baharini wakitafuta riziki na roho zao zinazorudi kudai mshahara, na naona haya mji wa bandari kama wetu kutoitazama.

La mwisho ndilo ninaloliomba kwa nguvu zote. Filamu za kutisha za Kiswahili zipo. Mussa Banzi wa Tanzania ametuachia Nsyuka na Shumileta, na nyingi za rika lao zilisambazwa kwa kanda za video na VCD, vitu vinavyooza kwenye joto na unyevu wa nyumba zetu. Tafadhalini fungueni masanduku, ulizeni kwa shangazi na kwa waliokuwa na maduka ya kukodisha kanda. Leteni mlicho nacho, hata kikiwa na kuvu, hata kikiwa hakina jalada. Katibu atakipokea kwa risiti na kukirudisha. Naomba mkutano upitishe fungu la kununulia deki ya kanda inayofanya kazi, na tulipigie kura kabla hatujaenda kwenye chai.

Mwenyekiti