Barua kwa Mwanangu Zuhura: Nyuso Usiziguse

Silver Spring, Maryland

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Assalamu alaikum. Sisi hapa hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua tangu baridi ianze. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa kwenye simu huniitikia "sawa, Baba" kabla sijamaliza, nami jambo hili nataka ulisikilize mpaka mwisho.

Picha uliyonitumia Jumapili imeninyima usingizi. Najua uliishughulikia kwa mapenzi, na najua pia kwamba mimi ndiye niliyekuomba uziskani picha zangu zote za tamthilia ya Star Trek kabla hujahamia Los Angeles. Lakini ulipoipitisha picha ya Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura humo, kwenye hiyo programu ya akili mnemba, aliyetoka upande wa pili si yeye. Ngozi imepauka na kulainika mno, macho yamekuzwa, na kivuli kilichokuwa chini ya shavu kimefutwa. Programu haikumsafisha, imemchora mwanamke mwingine ikamvika gauni jekundu la Uhura. Vumbi liondoe, mikwaruzo iondoe, lakini nyuso usiziguse.

Habari ya siku niliyolisikia jina hilo kwenye televisheni unaijua, sitairudia. Nakukumbusha tu kwamba lilitokana na neno letu uhuru, na kwamba mwaka 1966, Star Trek ilipoanza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha NBC, uso ule kwenye chumba cha kuongozea chombo cha angani ulikuwa jambo kubwa kwa watu weusi wa Marekani. Nichols mwenyewe alitaka kuondoka baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Kuanzia mwaka 1977 akaifanyia NASA, shirika la anga la Marekani, kazi ya kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Uso wa mtu wa namna hiyo haukabidhiwi mashine iukisie.

Wala usidhani hofu yangu ni ya mzee asiyeelewa mitambo. Jambo hili liliwahi kutokea kwa mikono ya watu. Kabla tamthilia haijaanza, NBC ilichapisha kijitabu cha kuitangaza, na humo masikio yaliyochongoka ya Spock, yule mhusika mwenye asili ya sayari nyingine, yalirekebishwa kwa brashi yakaonekana ya kawaida, na nyusi zake vilevile, kwa kuwa walihofu watazamaji wangemwona kama shetani. Watazamaji wakampenda Spock kwa masikio yake hayohayo. Aliyeyafuta aliamini kwamba anaiboresha picha, kama wewe ulivyoamini Jumapili.

Na rangi pia, tahadhari. Shati la Kirk, nahodha wa chombo katika tamthilia, lilikuwa la kijani. Taa na filamu ndizo zilizolifanya lionekane la dhahabu. Ndiyo maana katika boksi langu utakuta picha mbili za shati hilohilo zenye rangi mbili tofauti, na zote mbili ni za kweli. Programu itaona kosa, itazifanya zifanane. Usiiruhusu. Slaidi zilizogeuka nyekundu ni habari nyingine, kwa sababu pale rangi ya samawati ndiyo iliyotangulia kufifia, nazo unaweza kuzirekebisha kwenye nakala, mradi ile uliyoskani mwanzo ihifadhiwe kama ilivyo.

Uliniuliza kwa nini nazing'ang'ania ilhali vipindi vyote 79 vinapatikana kwenye intaneti. Picha za matangazo hazikukatwa kwenye filamu, mwanangu. Mpigapicha aliwapanga waigizaji mbele ya karatasi ya rangi au ndani ya seti, na picha zikapelekwa magazetini zikiwa na maelezo nyuma, kwa hiyo zina mikao na vitu ambavyo havimo katika kipindi chochote. Makumbusho ya Smithsonian walipokuwa wanakirekebisha kile chombo cha mfano cha futi 11 kilichotumika kwenye tamthilia, tunachowapeleka wageni kukiona, mwaka 2015 waliwaomba mashabiki picha zake za zamani, ili wajue kilikuwaje kabla hakijapakwa rangi upya. Fikiri kama mashabiki hao wangekuwa wamezipendezesha picha zao kwanza.

Ukizigeuza utaona kwamba nyingi hazina maelezo nyuma, na nyingine zimepunguzwa kingo. Zilikatwa kwa mkasi ili ziingie kwenye albamu, na maelezo yakabanduliwa ili zilale vizuri, katika miaka ambayo katika nyumba hii hapakuwa na mtu mwingine mwenye mkasi na albamu. Ile yenye alama ya gundi usoni mwa Nimoy, aliyeigiza Spock, nayo ni ya wakati huo. Na ile ya waigizaji wote pamoja, yenye tarehe kwa kalamu ya wino, ilinunuliwa Jumamosi ya mahafali yako ya darasa la nane. Foleni ilikuwa ndefu. Mama yako aliniambia ulikuwa ukitazama mlangoni.

Nimefurahi sana kuhusu kazi yako, na kwamba utaishi katika mji uleule ambako tamthilia ilipigwa, katika studio za Desilu; nimewaambia wazee wote msikitini. Hata hivyo wiki tatu bila kumpigia mama yako si vizuri, na kazi nzuri haiwi udhuru. Huko usiziweke picha kwenye gari hata kwa saa moja, joto litazikunja. Usitumie selotepu. Zilaze, usizisimamishe, na kila moja uitenge na mwenzake kwa karatasi isiyo na asidi.

Mtambo wa maji ya moto umeanza tena kuvuja na fundi atakuja Alhamisi, kwa hiyo nimelipandisha boksi kutoka chumba cha chini hadi sebuleni. Kaka yako amesema atakusaidia kubeba kabati, lakini mkumbushe. Mama yako anaulizia sufuria yake kubwa ya pilau uliyoichukua wakati wa Idi. Ukija Ijumaa, ilete, na uje na boksi jipya lenye mfuniko, kwani hili limelegea chini. Picha ya Uhura haitaingia humo. Nitakukabidhi mwenyewe mkononi.

Ni mimi baba yako