Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Nyangumi wa Durban, kutoka Baharini hadi Tangini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, nami sitamwingilia. Taarifa hii inahusu kazi iliyotuchukulia mwaka mzima: kuandika upya maelezo ya maonyesho yetu ya uvuvi wa nyangumi hapa Durban. Maelezo ya zamani yaliorodhesha meli na wamiliki, lakini hayakueleza kwa nini kiwanda cha Bluff, ile rasi iliyo kati ya bandari na bahari kuu, kilijengwa kwa namna ile ya ajabu. Jibu lake ni uozo.

Nyangumi akifa hapoi. Shahamu iliyomkinga na baridi alipokuwa hai ndiyo inayofungia joto ndani ya mzoga. Tumbo hujaa gesi, nyama hulegea, na asidi huongezeka katika mafuta. Wanunuzi walipanga mafuta kwa madaraja kufuatana na asidi na rangi: yaliyotoka kwa mnyama mbichi yalikuwa mepesi na ya bei nzuri, yaliyochelewa yalikuwa meusi na yenye kunuka. Tena bahari yetu si ya Antaktiki. Mkondo wa Agulhas hutuletea maji ya vuguvugu kutoka kaskazini, kwa hiyo mzoga huoza upesi zaidi.

Sasa tufuate mzoga mmoja. Mpiga mzinga alisimama omoni mwa meli ya uvuvi, tayari kumfyatulia nyangumi chusa. Chusa lenyewe lilifuata muundo wa Svend Foyn wa Norwei, aliyepata hataza yake mwaka 1870: kichwani bomu dogo linalolipuka sekunde chache baada ya kupenya, nyuma yake ndoana zinazofunguka kamba inapokazwa. Kamba ilipita kwenye kapi lililofungwa springi kubwa, maana bila springi mtikisiko mmoja wa mnyama huyo ungeikata. Nyangumi bluu na fini huzama wakifa. Kwa hiyo walivutwa haraka ubavuni mwa meli, wakachomwa bomba lenye matundu na kujazwa hewa. Hewa ikiwa haba, mzoga ulizama na kazi yote ikapotea. Ncha za mkia zilikatwa, kisha mzoga ukafungwa kwa mkia na kuvutwa hadi bandarini, papa wakiufuata nyuma.

Kampuni ya kwanza iliundwa mwaka 1907 na Wanorwei wawili, Johan Bryde na Jacob Egeland, na uvuvi ukaanza 1908. Kiwanda cha mwanzo kilikuwa upande wa ndani wa bandari. Wakazi wakashindwa kuvumilia harufu, kikahamishiwa upande wa Bluff unaotazama bahari kuu. Hapo pakazuka tatizo lingine: ufuo ule hupigwa na mawimbi, na hakuna chombo kinachoweza kushusha mzoga pale. Ikabidi nyangumi waendelee kupandishwa kwa winchi kwenye mteremko ulioko ndani ya bandari, wawekwe juu ya mabehewa bapa, kisha garimoshi liwazungushe hadi kiwandani. Picha ya nyangumi juu ya reli ndiyo wageni wanaoipenda kuliko zote, na maelezo yetu ya zamani yaliiita kioja. Haikuwa kioja. Ilikuwa gharama ya kuondoa harufu mjini, ikilipwa kwa kila mzoga.

Kiwandani wachunaji walipanda juu ya mnyama na visu vyenye mpini mrefu. Walipasua shahamu kwa urefu, kichwani hadi mkiani, winchi ikaikamata ncha na kuibandua, vilevile unavyomenya muhogo: mkato mmoja mrefu, kisha ganda linanyanyuka lote. Vipande viliingia kwenye masufuria makubwa yaliyopikwa kwa mvuke wa kanieneo. Nyama na mifupa vilipikwa peke yake, mabaki yakakaushwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa sakafu hiyo walikuwa Wazulu; picha zetu nyingi zinawaonyesha wao, ilhali maelezo yalitaja Wanorwei tu. Hilo tumelirekebisha.

Kosa zito zaidi lilihusu mafuta. Bango lilisema mafuta ya Bluff yalitengenezwa majarini. Ni nusu ya kweli. Mafuta ya nyangumi wasio na meno, kama fini na sei, yaligandishwa kwa haidrojeni yakafaa majarini na sabuni. Yale ya nyangumi mkubwa wa meno, ambaye ndiye hutoa ambari (donge la manukato kutoka tumboni mwake), kwa hakika ni nta: yanafaa kulainisha mashine na kutengeneza ngozi, hayafai kuliwa. Matangi yalitengwa, kwa sababu kuchanganya kidogo tu kuliharibu shehena nzima. (Ambari watu wa pwani ya Waswahili waliijua zamani sana; msafiri Mwarabu al-Masudi aliitaja katika karne ya 10 kama bidhaa ya nchi ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki.)

Anayesoma takwimu za zamani aangalie kipimo. Kimataifa mgawo wa Antaktiki, yaani kiasi kilichoruhusiwa kuvuliwa, ulihesabiwa kwa "nyangumi bluu": bluu 1 alikuwa sawa na fini 2, au wenye nundu 2.5, au sei 6. Aina zote ziliingizwa kapu moja, hivyo wawindaji walimaliza wakubwa kwanza bila kuvunja sheria. Kipimo hicho kiliachwa mwaka 1972. Hata Abraham Larsen, meli-kiwanda iliyochakata nyangumi huko huko baharini, iliyotumwa Antaktiki kutoka hapa na kuuzwa Japani mwaka 1957, ilifanya kazi chini yake. Hapa Durban uvuvi ulikoma 1975: nyangumi wamepungua, migawo imebanwa, na mafuta ya kuendeshea meli yamepanda bei tangu 1973.

Wengi mliuliza kuhusu "Wazanzibari" wa King's Rest, huko huko Bluff. Walikuwa watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na kushushwa Durban kuanzia 1873, wengi wao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Mwaka 1961 serikali ya ubaguzi iliwaandika "Waasia wengine", kisha wakahamishiwa Chatsworth, mtaa wa Durban uliotengewa Wahindi. Tumewapa bango lao, na tumefuta sentensi iliyowafanya wafanyakazi wa kiwanda kwa sababu tu waliishi karibu.

Kuhusu hazina yetu ya mifupa na meno ya nyangumi: mifupa inaendelea kutoa mafuta miongo mingi baada ya mnyama kufa. Msiipake vanishi, mafuta yatanaswa ndani na kuoza. Msiichemshe wala kuitia jiki. Huwa kama chaki. Iwekwe kivulini penye hewa, juu ya karatasi isiyo na asidi inayobadilishwa ikilowa. Meno hupasuka hewa ikibadilika ghafla kutoka ukavu hadi unyevu, basi yasikae dirishani.

Magofu ya kiwanda yako ndani ya eneo la jeshi, hivyo atakayetaka kwenda aandikishe jina kwa katibu mapema tuombe ruhusa kwa pamoja. Na mwanachama anayesafiri kwenda nyumbani Tanzania, Kenya au Kongo asifungashe jino la nyangumi kama zawadi: halivuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini.