Cessna yetu ya mafunzo ndani ya kompyuta: barua kwa rafiki

Mombasa,
Jumapili usiku.

Sahibu yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya na hujachoshwa na wanafunzi wapya wanaokumbatia usukani kama mtu anayezama. Sisi huku hatujambo, ila joto tu. Nimeamua kukuandikia kwa kirefu kwa sababu ninalotaka kukuomba halielezeki kwa simu ya dakika tatu, na pia kwa sababu neno ulilolisema sikukuu iliyopita, ulipokaa kwenye kile kiti changu cha plastiki ukawasha injini ya ndege yangu ya kwenye kompyuta, halijanitoka kichwani hadi leo.

Bila shaka unakumbuka. Hukuitazama rangi, wala zile ribiti nilizozichora mojamoja kwa miezi miwili. Uliongeza mafuta hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, ukageuza ufunguo kwenye magneto ya kulia, mojawapo ya vile vifaa viwili vinavyoipa injini cheche, ukaurudisha, ukaugeuza kwenye ya kushoto, ukaurudisha, kisha ukacheka. Ukaniambia, "Hakuna ndege yenye magneto pacha." Niliona haya, maana ilikuwa kweli: kwangu mimi kila magneto ilipunguza mizunguko 75 kamili, isiyozidi wala kupungua hata mmoja. Kitabu cha Cessna 152 kinaruhusu kila magneto ipunguze hadi mizunguko 125, na tofauti baina ya hizo mbili isizidi 50, kwa hiyo nilikuwa ndani ya sheria. Lakini rubani yeyote aliyewahi kushika ufunguo ule angejua papo hapo kwamba mashine hii haijawahi kutiwa plagi na mkono wa fundi.

Tangu siku ile nimeacha kutengeneza Cessna 152. Ninatengeneza ile yetu tuliyojifunzia kuruka, yenye mlango wa kulia usiofunga mpaka uupige kwa kiwiko, ambayo wewe uliendelea nayo hadi ukawa mwalimu na mimi nikaishia saa 31 za kuruka karo iliponikatikia. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba ndege za aina hii zilianza kufika kwa wateja mwaka 1977 na kiwanda kikaacha kuziunda mwaka 1985, baada ya kutoa zaidi ya 7,500, na kwa hiyo hata iliyo kitinda mimba miongoni mwao imeshakula chumvi ya kutosha. Kila moja imevunjwa na kuunganishwa upya mara nyingi, imepakwa rangi juu ya rangi, imebadilishwa redio, imetuliwa vibaya na mamia ya wanafunzi. Ukichukua takwimu za kitabu peke yake utapata ndege ambayo haijawahi kuwepo tangu ilipotoka kiwandani.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe inavyokwenda, ili ombi langu lisikushangaze. Ninatumia FlightGear, programu ya kuigiza urukaji ambayo hutolewa bure na ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua mafaili yake na kuyaandika upya, na umbo la ndege ninalichonga kwa Blender, ambayo nayo haina malipo. Upande wa urukaji una njia mbili. Ya kwanza, iitwayo YASim, unaipa vipimo vya mabawa na mkia, uzito, mwendo wa kusafiri na mwendo wa kutua, nayo inakokotoa yenyewe kurudi nyuma mpaka ipate ndege inayolingana na namba hizo. Ya pili, JSBSim, inataka uiandalie majedwali: bawa linainua kiasi gani kwa kila pembe ya kukutana na upepo, usukani wa mkia una nguvu gani, flapi, yale mabamba ya nyuma ya mabawa, zikishushwa nyuzi 10, 20 au 30 pua inavutwa wapi. Nilipoteza nusu mwaka kwenye njia ya kwanza kwa sababu ilinipa ndege inayoruka siku ya kwanza, na kuruka kulinilevya. Ilikuwa ndege ya watu wote. Nilipotaka iwe na tabia zake, ikabidi nihamie kwenye majedwali.

Na tabia ya kwanza niliyoitafuta ni ya Wilson, uwanja wetu wa Nairobi. Uwanja ule uko kwenye mwinuko wa futi 5,500 na ushei, na alasiri yenye nyuzi 25 za joto hewa yake huwa nyepesi kama hewa ya futi 8,000 katika siku ya kawaida ya vitabuni. Injini ya Lycoming yenye nguvu farasi 110 haipati nguvu farasi 110 pale hata ukiiombea dua. Kitabu kinasema ndege hii hupanda futi 715 kwa dakika usawa wa bahari, na kwamba ikifika futi 14,700 hupanda futi 100 tu. Ukichora mstari kati ya namba hizo mbili utakuta kwamba pale Wilson mchana inabakiwa na kama futi 380, na hiyo ni injini mpya, propela isiyo na mikwaruzo na rubani asiyekosea. Nilijaribu modeli kadhaa za watu wengine kutoka kwenye uwanja ule, zikapaa kuelekea mbugani kama tai. Moja niliinunua kwa fedha niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kodi ya nyumba, kutoka kwa kampuni nisiyotaka kuitaja. Ilikuwa na vumbi la kuvutia sana kwenye kioo cha mbele, lakini nilipokiacha kifundo chekundu cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kimesukumwa hadi mwisho, kama mwanafunzi aliyezoea pwani, injini ilinguruma kwa raha zake na ndege ikaondoka.

Wewe unajua ambavyo ingepaswa kuwa. Kitabu kinaagiza kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 mafuta yapunguzwe kabla ya kupaa, injini ikiwa kwenye nguvu zake zote, mpaka mizunguko ifike juu kabisa. Mwalimu wetu hakuwa na haja ya kitabu. Alikaa kimya, akakuacha usikie injini ikikohoa, na mkono wako ukakielekea kifundo wenyewe. Kimya kile ndicho ninachojaribu kukiandika. Sasa kwangu, ukikiacha kifundo mwisho, injini inatetemeka, mizunguko inakataa kupanda, na ukikivuta polepole unaisikia ikisafisha koo, inafika kileleni, halafu ukizidisha inaanza kufa. JSBSim inalijua jambo hili kwa asili yake, kwa kuwa inapima uzito wa hewa na wa mafuta yanayoingia. Kazi yangu ilikuwa kutoiharibu kwa namba za kubahatisha, jambo ambalo nililifanya mara nyingi kabla ya kujifunza.

Kitu cha pili ambacho nimekishughulikia kupita kiasi, na mke wangu ni shahidi, ni ile honi ya onyo la bawa kuishiwa nguvu ya kuinua. Wengi wanaotengeneza modeli huweka mlio wa umeme, pii, unaowaka na kuzimika kama kengele ya mlango. Ile yetu haina umeme kabisa. Ni zumari. Kuna tundu kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto, bomba linaloelekea ndani, na ulimi mwembamba. Pua ikiinuka kupita kiasi, shinikizo la hewa mbele ya tundu hushuka, hewa ya ndani hunyonywa kupitia kwenye ulimi, nao hulia. Huanza kulia mwendo ukiwa umebaki noti 5 hadi 10 (maili za baharini kwa saa) juu ya ule ambao bawa litaachia, kwanza kama mtoto anayelalamika usingizini, kisha sauti inapanda na kukaza kadiri unavyozidi kuvuta. Swichi kuu ikizimwa bado inalia. Nadhani hujasahau asubuhi ulipotumwa kuikagua, ukafunika tundu kwa leso yako ukanyonya bawa kwa mdomo, kama kitabu kinavyoelekeza, na abiria wa ndege ya jirani wakasimama kukupiga picha.

Nimeitenga honi hiyo katika hatua saba za sauti, zinazopishana kulingana na pembe ya bawa badala ya mwendo, kwa sababu ukikata kona kali bawa linaweza kuachia ukiwa kwenye mwendo ambao ungekuwa salama ukiruka moja kwa moja bila kupinda. Kilichobaki kunishinda ni lile bawa la kushoto kuanguka kabla ya la kulia. Katika ndege yetu lilianguka, si mara zote, lakini mara nyingi kiasi cha kukufanya uweke mguu wa kulia tayari. Nikiandika hivyo moja kwa moja kwenye jedwali, linaanguka kila mara kwa namna ileile, na baada ya majaribio matano mtu anajua kwamba anacheza na saa ya ukutani. Nikiweka bahati nasibu, inakuwa kamari. Nafikiri jibu liko kwenye mpira wa kipima mteleze: lilikuwa linaanguka tulipokuwa tumeuacha mpira uende pembeni bila kujua, nasi tukamsingizia fundi. Niambie wewe unaonaje, kwa kuwa sasa unayaona makosa hayo kutoka kiti cha kulia.

Dira nayo ilinifedhehesha. Kanuni ya makosa ya dira wakati wa kukata kona nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye kitabu kilichoandikwa kwa marubani wa kaskazini mwa dunia, nikadhani kwamba karibu na ikweta haitakuwa na madhara. Kumbe ikweta ya usumaku haipiti Nanyuki. Upande wetu wa Afrika imepanda hadi Ethiopia, na Nairobi iko mbali kusini mwake, hivyo sindano huinamia upande mwingine na makosa yote yanageuka. Nimekwisha kurekebisha.

Kuna jaribio moja ambalo limefaulu na ambalo nilitamani ulione. Niliweka uzito wa kilo 85 kwenye kiti cha kulia, nikaruka mizunguko mitatu ya uwanja, kisha nikauondoa. Ndege nzima inaruhusiwa kilo 757 tu, kwa hiyo mtu mmoja akishuka ni kama gari la mizigo kushusha robo ya shehena. Iliondoka ardhini kabla sijawa tayari, ikafika futi 1,000 nikiwa bado nahangaika na trimu, kile kigurudumu cha kusawazisha pua, na nilipoitua ilikataa kukaa chini, ikaelea juu ya barabara kwa muda ambao uliniletea jasho lilelile la siku mwalimu alipofungua mlango, akafunga mkanda wa kiti chake kitupu ili usining'inie, akatembea zake kwenye nyasi bila kugeuka nyuma. Nilizima kompyuta nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa ombi langu. Nimempa dereva wa basi wa hapa, ambaye ni mtu wa kuaminika, bahasha yenye kinasa sauti kidogo, na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Kinasa sauti kiweke kwenye rafu ya nyuma ya viti, ukizungushie soksi ili upepo usikifunike, na unirekodie injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, ikitulia kwenye mizunguko 1,000, ikipimwa kwenye 1,700 pamoja na joto la kabureta likivutwa, na ikiwa kwenye nguvu zote breki zikiwa zimeshikwa. Tafadhali usikizime mara injini inapokatwa. Kiache dakika kadhaa, maana ninachokitaka zaidi ni ule mvumo wa jairo, vile vigurudumu vinavyozunguka ndani ya vipimo vya dashibodi, zinapopoteza kasi taratibu, wakati propela imeshasimama na hakuna anayezungumza.

Mizani uitundike kwenye usukani, ndege ikiwa imeegeshwa, uvute hadi usukani uanze kusogea, uniandikie ni kilo ngapi. Fanya hivyo mara tatu. Tafadhali usijaribu hilo hewani, wala usimruhusu mwanafunzi wako mwenye bidii alijaribu. Picha za ubavuni nipigie ukiwa mbali, mwisho wa egesho, kwa kamera iliyovutwa karibu, kwa sababu zile za mwanzo ulizipiga ukiwa hatua tano na pua ikatoka kubwa kama ya kiboko. Na ukipata nafasi, nipe namba za magneto zote mbili kwa siku tatu tofauti, kama zilivyo, hata kama moja inakutia wasiwasi. Ikikutia wasiwasi mwambie fundi kwanza, halafu mimi.

Kinasa sauti nimekitia betri mpya, na nyingine mbili zimo ndani ya bahasha. Dereva atafika stendi alfajiri ya Jumanne na atakupigia simu.

Wasalaam,

Mimi rafikiyo wa saa 31.