Msipake oili chafu kwenye uzio wa watoto

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme jambo linalonikosesha usingizi tangu wiki iliyopita. Nilikuwa natoka sokoni hapa Mafinga, nikapita nyuma ya shule ya awali iliyo jirani na kwangu. Nikakuta vijana wawili wana ndoo ya oili chafu ya gereji, wanaipaka kwenye uzio wa mabanzi, yale mapande ya kando ya gogo yanayobaki likipasuliwa mbao, kwa matambara. Nilipowauliza walinijibu kwa heshima, "Shikamoo mama. Mbao zimechoka, kamati imesema tuzipake zisiliwe na mchwa." Ndani ya uzio watoto walikuwa mapumziko, wa miaka minne na mitano, wameegemea, wengine wamepenyeza vidole kati ya banzi na banzi kama wafanyavyo siku zote. Mmoja akageuka. Mgongo wa sweta lake ulikuwa na michirizi myeusi.

Vijana wale siwalaumu, maana hata mimi nilishafanya hivyohivyo. Marehemu mume wangu alijenga uzio wetu mwaka 2009, nguzo za mkaratusi na mabanzi ya paini. Huku kwetu, kando ya msitu wa Sao Hill, banzi ndilo ukuta wa mtu wa kawaida. Kufika 2016 uzio ulikuwa umepauka kijivu, na upande wa mparachichi, kusikofika jua, umeota kuvu nyeusi. Nikanunua dumu la oili chafu nikaupaka wote. Ulipendeza, mweusi tii. Mvua za Desemba zilipokolea, oili ikaanza kushuka. Tuta langu la chainizi lililopakana na uzio likanyauka ukanda mzima, na udongo ule ukanuka gereji hadi msimu uliofuata. Mwaka 2019 nguzo mbili zikakatika usawa wa ardhi. Nilipozichungulia, nje kulikuwa na ngozi nyeusi ya oili, ndani mchwa wamekula wakabakiza maganda. Walipanda kutoka chini, mahali ambapo tambara langu halikufika.

Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba vyuma vilivyosagika humo, pamoja na kemikali za mafuta yaliyoungua, na baadhi yake husababisha saratani. Inapenya kwenye ngozi. Haikauki vizuri, ndiyo maana inahamia kwenye nguo, kwenye mikono, na mtoto wa miaka minne mikono yake iko mdomoni. Ukishaipaka, huwezi tena kupaka rangi juu yake ikashika.

Fundi seremala mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho. Alichukua kisu akakwangua banzi la kijivu mbele yangu, mkwaruzo mmoja tu, na chini yake mbao ikatokea ya njano, inanukia utomvu kama imepasuliwa jana. Nilisimama nikiitazama. Miaka yote nilidhani kijivu ni kuoza, kumbe ni jua. Jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, mvua ikaiosha, nyuzi zilizobaki juu zikawa kama mvi. Mbao iliyooza haihitaji kubahatisha: kisu kinazama bila nguvu. Hiyo ing'olewe. Iliyo ngumu inahitaji kuoshwa tu.

Mwezi huu wa nane ndio wa kazi hiyo ya kuosha, maana baridi la Juni na manyunyu yake limepita na mvua bado hadi Novemba. Kwanza bandua magamba yaliyobaki kwenye mabanzi kwa panga, kwa sababu chini ya gamba ndiko unyevu na wadudu wanakokaa. Kisha maji, sabuni ya unga na brashi ngumu ya kufulia, ukisugua kufuata nyuzi. Brashi ya waya usiiguse. Huacha chembe za chuma zikapata kutu na kutia madoa meusi. Penye kuvu, changanya Jik, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, paka, subiri kama robo saa, suuza kwa maji mengi. Vaa glavu, funika mboga zako, na usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, maana hutoa hewa yenye sumu. Mimi kazi hii ilinichukua Jumamosi mbili, na mgongo uliuma.

Acha ikauke siku kadhaa za jua. Nyunyiza tone la maji: likinywewa, mbao iko tayari. Mimi hupaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale mafundi wanayoyaita linsidi, mkono wa kwanza nikiyalegeza kwa tapentaini. Matambara yake yatandazwe nje yakauke, kwani yakikunjwa na kurundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Mwenye uwezo apake dawa ya mbao yenye rangi, kwa sababu rangi ndiyo inayozuia jua. Vanishi isiyo na rangi hupitisha jua, ikapasuka na kubanduka.

Ila kazi kubwa zaidi iko kwenye ncha na kwenye shingo ya nguzo. Maji huingia kwa kasi kwenye ncha iliyokatwa kuliko ubavuni, kwa hiyo kata vichwa vya nguzo mshazari yateleze, uvipake mara mbili au tatu. Mabanzi yasiguse udongo, yaachiwe nafasi ya vidole vinne. Shingo ya nguzo, pale inapoingia ardhini, ndipo inapooza, kwa kuwa ina maji na hewa pamoja. Nguzo zangu mpya nilinunua zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye ukijanijani. Na hapa niseme kwa uchungu, kwa kuwa nawaona majirani wakiokota vipande vyake vya kupikia: dawa hiyo mara nyingi ina aseniki. Msivichome. Moshi wake ni sumu, na majivu yake msiyamwage bustanini.

Kwa kamati ya shule ile: najua hela ni ndogo, na mlitaka uzio udumu. Lakini upande wa barabarani haujapakwa bado. Mabanzi yaliyokwisha kupakwa yang'olewe, au yawekewe seng'enge kwa ndani watoto wasiyafikie, na udongo wa chini yake uchotwe kabla ya mvua. Upande uliobaki tuuoshe. Nina brashi tatu na ndoo mbili, na Jumamosi hii kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa pale getini.

Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa